Mechi mbili nyuma ya nafasi ya mchujo: timu inunue nani kabla dirisha halijafungwa?

Kona_ya_Nne

Wakuu, dirisha la kubadilishana wachezaji kwenye besiboli ya Marekani likikaribia kufungwa, kila siku yanatajwa majina mapya. Naomba tuyaweke majina pembeni kwanza, tuanze na mahitaji.

Chukulieni timu ya American League iliyokwisha kucheza mechi 104 msimu huu wa 2026. Imeshinda 54, imepoteza 50. Iko mechi mbili nyuma ya nafasi ya mwisho ya mchujo (mechi za Oktoba za kuwania ubingwa) na mechi nane nyuma ya kinara wa kanda yake. Ina mapengo matatu. Mrushaji wake wa tano kati ya wanaopokezana kuanza mechi ana ERA (wastani wa pointi anazoruhusu kwa iningi tisa, yaani mechi nzima) ya 5.80. Anayeshika iningi ya nane ana ERA ya 4.80. Na safu yake ya wapigaji imejaa watu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo ikikutana na mrushaji wa kushoto inakwama.

Kwa hesabu ya kodi inayotozwa timu zenye mishahara mikubwa, mishahara yake imefika dola milioni 240, na kikomo cha mwaka huu ni milioni 244. Kwenye ligi ndogo ina chipukizi wanne wanaotafutwa na timu nyingine: shotistopu (beki wa kati ya beisi ya pili na ya tatu) wa miaka 19 ambaye ndiye johari yao, mdakaji wa Double-A, na warushaji wawili wa Triple-A (hayo ndiyo madaraja mawili ya juu ya ligi ndogo).

Ianze kuziba pengo lipi, na ilipe kiasi gani? Wengi wanapendekeza wamchukue mfunga mechi (mrushaji wa iningi ya mwisho) mkubwa mwenye miaka ya mkataba mbele yake, hata kama shotistopu ataondoka. Mnaonaje?

---

Mtakwimu_162

Mkuu, tuanze na hesabu ya kilichobaki, maana hapo ndipo watu wengi hupotea. Zimebaki mechi 58, yaani asilimia 36 ya msimu. Mchezaji ambaye kwa msimu mzima anaongeza ushindi minne, kwako ataongeza mmoja na nusu hivi. Hakuna mtu atakayekuja Julai akakupa ushindi sita.

Tuangalie kila nafasi itapata kazi kiasi gani kwenye mechi hizo 58. Mrushaji wa kuanza atapata mechi 11, iningi 60 au pungufu kidogo. Mpigaji wa kila siku atasimama kupiga mara 215 hadi 230. Mfunga mechi atarusha iningi 22 hivi.

Sasa linganisha mgeni na yule anayemtoa, usimlinganishe na wastani wa ligi. Mrushaji wako wa tano mwenye ERA ya 5.80 akirusha iningi 60 anaruhusu pointi karibu 39. Ukimleta mtu wa kawaida kabisa mwenye ERA ya 3.80, anaruhusu 25. Umeokoa pointi 13 na kitu. Kwa kipimo kinachotumika siku zote, pointi 10 ni sawa na ushindi mmoja. Kwa hiyo hapo umepata ushindi mmoja na theluthi, na hujamgusa nyota yeyote.

Upande wa bulpeni (warushaji wanaoingia baada ya yule wa kuanza), ukimtoa mwenye 4.80 ukamweka nyota wa 2.30 kwa iningi 22, umeokoa pointi sita tu. Ila iningi hizo zina uzito. Zinarushwa timu ikiongoza kwa pointi moja au mbili, na pointi moja pale inabadilisha matokeo karibu mara mbili ya pointi ya iningi ya tatu. Kwa hiyo sita zinakuwa kama kumi na mbili. Mnaona? Thamani inakaribiana, lakini bei haikaribiani hata kidogo. Mrushaji wa kuanza wa daraja la kati anayemaliza mkataba mwaka huu huuzwa kwa chipukizi mmoja wa kati, pengine na wa pili wa mbali. Mfunga mechi mwenye miaka mitatu mbele atakudai shotistopu wako.

Timu iliyo mechi mbili nyuma inatakiwa kwanza inunue Agosti na Septemba. Oktoba haijawa yake bado. Mimi naanza na mrushaji wa kuanza.

Kama unataka mfano wa kuziba mapengo badala ya kukimbilia nyota, wachukue Braves wa 2021. Ronald Acuña Jr. aliumia goti tarehe 10 Julai, msimu wake ukaishia hapo. Hadi hapo timu haikuwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Walichofanya ni kuwachukua wachezaji wanne wa uwanja wa nje: Joc Pederson, Adam Duvall, Eddie Rosario na Jorge Soler. Kwa Rosario walimtoa Pablo Sandoval, mkongwe aliyekuwa mwishoni kabisa mwa safari yake. Hakuna chipukizi mkubwa aliyeondoka kwa yeyote kati ya hao wanne. Braves walimaliza na ushindi 88, Rosario akawa mchezaji bora wa fainali ya National League, Soler akawa mchezaji bora wa World Series, yaani fainali kuu, na kombe likaenda Atlanta.

---

Iningi_ya_Tisa

Mtakwimu, hesabu yako ya Agosti na Septemba naikubali. Nisichokubali ni kuiacha Oktoba nje kabisa. Mrushaji wa tano uliyemnunua, mchujo ukianza hana kazi. Mechi zina siku za mapumziko katikati, kocha anatumia warushaji watatu au wanne wa kuanza, na wa bulpeni wanabeba iningi nyingi kuliko msimu wa kawaida. Mwaka 2016 Cleveland walimchukua Andrew Miller kutoka Yankees, na kwenye mchujo wakamtumia iningi ya tano, ya sita, popote palipowaka moto. Akawa mchezaji bora wa fainali ya American League, naye si mrushaji wa kuanza.

Hata hivyo sishauri kumtoa shotistopu kwa mfunga mechi, na nitaeleza kwa nini. Warushaji wa bulpeni ndio bidhaa inayoharibika haraka kuliko zote kwenye soko hili. Iningi 22 ni chache mno. Mechi tatu mbaya zinaharibu kila kitu. Mets mwaka 2025 walimchukua Ryan Helsley kutoka Cardinals, mfunga mechi mwenye mpira wa kasi ya kutisha, na kutoka timu nyingine wakawachukua Tyler Rogers na Gregory Soto. Helsley alipofika alipigwa vibaya, ERA yake akiwa na Mets ikapita 7, na timu ikakosa mchujo siku ya mwisho ya msimu. Kwenye karatasi lilikuwa dirisha zuri sana.

Kwa hiyo ukiingia sokoni kutafuta mtu wa iningi ya nane, ERA isikuongoze. Kwa mrushaji wa iningi 40, ERA imejaa bahati. Mimi huangalia hivi:

Kwanza, asilimia ya wapigaji anaowatoa kwa straiki tatu, toa asilimia ya anaowapa beisi ya bure. Tofauti ikiwa 20 au zaidi, huyo ni mtu wa kazi hata kama ERA yake ni 4.20. Ikiwa chini ya 10, mkimbie hata kama ERA yake ni 1.90, kwa sababu mabeki wake na bahati ndivyo vinavyombeba.

Pili, kasi ya mpira wake wa kasi kwa mwezi wa mwisho ikilinganishwa na Aprili. Kawaida kasi hupanda joto linapoongezeka. Ukiona Julai iko chini ya Aprili kwa maili moja au zaidi, uliza hali ya bega na kiwiko kabla hujauliza bei.

Tatu, ametumikaje. Amerusha siku mbili mfululizo mara ngapi? Amewahi kurusha iningi moja na theluthi? Timu zinazouza huwa na mechi chache za kuongoza, kwa hiyo mfunga mechi wao anaweza kuonekana mzima kumbe hajapewa mzigo. Kinyume chake pia kipo: ametumika mara 50 kufikia Julai, na wewe unanunua mkono uliokwisha.

Nne, uwezo wake dhidi ya wapigaji wa pande zote mbili. Tangu 2020 mrushaji anayeingia lazima akutane na wapigaji watatu au amalize nusu ya iningi, labda aumie au augue. Ile kazi ya zamani ya kumleta mrushaji wa kushoto kwa mpigaji mmoja imekufa. Mtu anayewaua wa kushoto lakini anapigwa na wa kulia, thamani yake imeshuka sana.

Ushauri wangu: badala ya jina moja kubwa, nunua wawili wa kati wenye tofauti nzuri ya straiki na beisi za bure. Mmoja akianguka, mwingine yupo. Na ukiwaleta wawili, wale wabovu kabisa wawili wa mwisho kwenye bulpeni ndio wanaoondoka. Faida hiyo haionekani ukimwangalia mfunga mechi peke yake.

---

Kona_ya_Nne

Nimewapata vizuri. Lakini bado kuna hoja kwamba mfunga mechi mwenye miaka mingi mbele si ununuzi wa miezi miwili tu, unamlipia misimu kadhaa. Je, hapo shotistopu hastahili kuondoka?

---

Mtakwimu_162

Hoja hiyo ndiyo iliyoendesha soko la 2025. Padres walimchukua Mason Miller, pamoja na JP Sears, kutoka Athletics, na wakamtoa Leo De Vries, shotistopu wa miaka 18 aliyehesabiwa miongoni mwa chipukizi bora kabisa wa mchezo mzima, pamoja na warushaji watatu. Miller yuko chini ya umiliki wa timu hadi 2029. Phillies walimchukua Jhoan Duran kutoka Twins kwa Eduardo Tait, mdakaji kijana, na mrushaji Mick Abel. Duran umiliki wake ni hadi 2027. Kwa hiyo bei ya juu ina sababu yake, haikuwa wazimu.

Lakini angalia ni nani walionunua. Phillies walikuwa wanapigania uongozi wa kanda, na Padres nao walikuwa wamekaa vizuri kwenye mbio za mchujo. Walikuwa wananunua Oktoba. Timu yako inapigania kuingia. Thamani ya mfunga mechi inategemea mechi utakazoongoza iningi ya nane ikiisha. Ukiwa na mrushaji wa kuanza mwenye 5.80, mechi hizo ni chache kila anapopanda kilimani kurusha.

Jambo la pili ni kumbukumbu ya bei. Julai 2016 Cubs walimchukua Aroldis Chapman kutoka Yankees kwa miezi michache, wakamtoa Gleyber Torres na wengine watatu. Walishinda World Series baada ya miaka 108, kwa hiyo hakuna shabiki wao anayelalamika. Chapman mwenyewe alirudi Yankees Desemba hiyohiyo akiwa mchezaji huru. Yankees wakawa na Torres, wakawa na Chapman pia. Rangers mwaka 2023 walimchukua Chapman huyohuyo kutoka Royals kwa kumtoa Cole Ragans. Rangers wakashinda kombe, Ragans akawa mrushaji namba moja wa Royals na mwaka uliofuata akaitwa kwenye mechi ya nyota. Ukilinganisha: ukishinda kombe, bei yoyote inasameheka. Usiposhinda, inakufuata miaka kumi. Red Sox walimtoa Jeff Bagwell Agosti 1990 ili wampate Larry Andersen, mrushaji wa bulpeni. Andersen aliwasaidia kweli mwezi wa mwisho wa msimu, kisha akaondoka. Bagwell alicheza maisha yake yote Houston na yuko kwenye Ukumbi wa Mashujaa.

Kwa hiyo jibu langu: shotistopu abaki. Mdakaji wa Double-A na mmoja wa warushaji wa Triple-A ndiyo fedha yako.

---

Kikosi_40

Wakuu, mmezungumzia thamani vizuri, lakini kuna kanuni zinazobadilisha nani anunuliwe, na hazijatajwa. Nitaenda moja moja kwa sababu hapa ndipo mipango mizuri huvunjika.

Kodi. Tuseme unamtaka mrushaji wa kuanza mwenye mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 18. Zimebaki siku kama 60 kati ya 186 za msimu, kwa hiyo kwako anahesabiwa karibu milioni 5.8. Ulikuwa 240, sasa uko 245.8, umevuka kikomo kwa milioni 1.8. Anayevuka kwa mara ya kwanza hutozwa asilimia 20, yaani dola 360,000. Ni kiasi kidogo kwa timu ya ligi kuu, na wengi huishia hapo wakasema tuvuke tu.

Gharama kubwa iko kwingine. Timu iliyovuka kikomo ikimpoteza mchezaji huru (aliyemaliza mkataba) aliyekataa ofa rasmi ya mwaka mmoja, fidia yake inashuka hadi chaguo la drafti (mgawo wa kila mwaka wa vijana wapya) la baada ya raundi ya nne. Na ikimsajili mchezaji wa aina hiyo kutoka timu nyingine, inapoteza machaguo mawili, la pili na la tano kwa ukubwa, pamoja na dola milioni moja ya fungu la kusajili vijana wa nje. Kwa hiyo uliza kwanza: je, kikosini yupo mtu mtakayempa ofa hiyo Novemba? Kama yupo, kuvuka kwa milioni 1.8 ni kosa la kijinga. Mwambie muuzaji atume pesa pamoja na mchezaji. Pesa hiyo hupunguza hesabu yako ya kodi. Muuzaji atakubali akiongezewa chipukizi. Yaani unalipa kwa kipaji badala ya noti, na kwa timu iliyo milioni nne chini ya kikomo huo mara nyingi ni mpango mzuri kuliko inavyoonekana.

Hapohapo kumbuka: mchezaji aliyehamishwa katikati ya msimu hawezi kupewa ofa rasmi na timu mpya. Kwa hiyo mrushaji anayemaliza mkataba akiondoka Novemba hupati fidia yoyote. Muuzaji naye analijua hili. Kama mchezaji wake angestahili ofa, bei ya chini kabisa anayoweza kukubali ni thamani ya lile chaguo la drafti analolipoteza. Ukitoa pungufu ya hapo unapoteza muda wa simu.

Kikosi cha watu 40, yaani orodha ya wachezaji wenye mkataba wa ligi kuu. Ukileta wachezaji watatu wa ligi kuu unahitaji nafasi tatu. Nafasi hupatikana kwa kumhamishia majeruhi kwenye orodha ya siku 60, au kwa kumwondoa mtu, na ukimwondoa anapita kwenye weiva ambako timu yoyote inaweza kumdaka. Angalia pia opsheni. Mrushaji wa bulpeni ambaye bado ana opsheni anaweza kushushwa ligi ndogo na kurudishwa. Asiye nazo anakufunga mikono, kwa sababu kikosi cha siku kina watu 26 na warushaji hawazidi 13. Kati ya warushaji wawili wanaolingana, mimi huchukua mwenye opsheni bila kufikiri mara mbili.

Sasa hili ndilo la muhimu zaidi kwa swali la nani aondoke. Novemba kila timu lazima iwaingize kwenye kikosi cha 40 chipukizi waliotimiza muda, la sivyo wanaweza kuchukuliwa na timu nyingine kwenye drafti ya Rule 5 ya Desemba. Aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini hupewa misimu mitano, aliyesaini akiwa na 19 au zaidi hupewa minne. Kaa na orodha yako, piga mstari chini ya majina yatakayohitaji nafasi Novemba hii ambayo hutakuwa na pa kuyaweka. Hao ndio wa kuwatoa Julai. Wasipoondoka sasa wataondoka Desemba, na safari hiyo hutapata kitu. Tahadhari yake ni kwamba timu inayouza huenda nayo imejaa, kwa hiyo itapendelea vijana wa madaraja ya chini. Tafuta muuzaji mwenye nafasi nyingi wazi kwenye kikosi chake cha 40. Timu iliyoanza kujijenga upya huwa nazo.

Vijana wa drafti ya mwaka huu huwezi kuwatoa. Tangu 2015 kanuni inasema hawahamishwi mpaka World Series iishe. Ilibadilishwa baada ya Trea Turner kucheza miezi kadhaa kwenye shirika la Padres huku kila mtu akijua ni mali ya Nationals.

Tarehe. Kamishna huchagua siku kati ya Julai 28 na Agosti 3. Tangu 2019 ule mlango wa nyuma wa Agosti, uliowapa Astros Justin Verlander mwaka 2017, umefungwa. Baada ya siku hiyo unabaki hasa na weiva na wachezaji huru, na mtu lazima awe kwenye shirika lako kabla Agosti haijaisha ili aruhusiwe kucheza mchujo.

---

Uzio_wa_Kati

Kikosi_40 ametaja yanayohusu timu. Kuna haki za mchezaji pia. Aliyecheza miaka 10 ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na timu hiyohiyo, anaweza kukataa kuhamishwa popote. Wengine wana orodha ya timu wanazoweza kuzikataa kwenye mikataba yao. Agosti 1, 2023 Tigers na Dodgers walikwisha kuelewana kuhusu Eduardo Rodriguez, mchezaji akatumia haki yake akakataa. Muda ukaisha. Baada ya msimu alivunja mkataba na Tigers hawakupata chochote. Kwa hiyo kama mrushaji unayemtaka ana orodha kama hiyo, swali la kwanza si bei, ni kama timu yako imo.

Nami niseme upande ambao haujasemwa. Ushindi 54 na vipigo 50 ni timu ambayo ndani ya wiki moja inaweza kuwa mechi tano nyuma. Angels mwaka 2023 waliamua kumbakiza Shohei Ohtani na kununua. Walimchukua Lucas Giolito na Reynaldo López kutoka White Sox, wakamtoa Edgar Quero, mdakaji chipukizi wao bora, pamoja na mrushaji Ky Bush. Agosti ikawameza. Mwisho wa mwezi waliwaweka Giolito na López kwenye weiva, Cleveland wakawachukua wote wawili bila kutoa mchezaji. Angels walimaliza na ushindi 73.

Lakini upande mwingine, mwaka huohuo Diamondbacks waliingia mchujo kwa ushindi 84 tu, nafasi ya mwisho kabisa, wakafika World Series. Walikuwa wamenunua nini Julai? Mfunga mechi wa daraja la pili, Paul Sewald kutoka Mariners, kwa wachezaji watatu ambao hakuna aliyekuwa johari. Sewald alikuwa na mwaka mmoja zaidi mbele. Huo ndio ununuzi wa ukubwa wa timu uliyoieleza: unasaidia Agosti, unabaki kusaidia mwaka unaofuata kama mambo yakiharibika, na ukilazimika unaweza kumuuza tena majira ya baridi.

Ndiyo maana sikubaliani kidogo na Mtakwimu kuhusu mrushaji anayemaliza mkataba. Kwa timu iliyo mechi mbili nyuma, mimi ningeongeza kidogo nimpate mwenye mwaka mmoja na nusu. Raundi ya kwanza ya mchujo, ile ya nafasi za ziada, ni mechi zisizozidi tatu, zote kwenye uwanja wa aliyepangwa juu zaidi. Ukifika kwa nafasi ya mwisho, unacheza zote ugenini. Kutoa chipukizi wawili kwa ajili ya hilo peke yake naona ni ghali. Kutoa watatu kwa hilo pamoja na msimu mzima wa 2027 ni biashara.

---

Mtakwimu_162

Nakubali, Uzio. Kwa mrushaji wa kuanza mwaka wa ziada una thamani kubwa kuliko kwa wa bulpeni, kwa sababu ya ule uharibifu wa haraka alioueleza Iningi. Ila sharti moja: umiliki wa ziada usiwe mshahara mbaya. Mwenye usuluhishi wa mshahara mbele yake (mshahara wake huamuliwa mwaka kwa mwaka) unaweza kumwacha Novemba kama ameharibika. Mwenye mkataba uliohakikishwa umebaki naye.

---

Kona_ya_Nne

Nashukuru sana wakuu. Limebaki pengo la tatu, wapigaji dhidi ya warushaji wa kushoto. Hilo lina uzito, au tuliache?

---

Iningi_ya_Tisa

Usiliache, mkuu. Ndilo la bei rahisi kuliko yote. Mpigaji wa kulia wa kucheza siku za mrushaji wa kushoto tu, na kuingia iningi ya saba kumpokea mtu wa kushoto, mara nyingi hupatikana kwa chipukizi wa mbali ambaye hayumo kwenye orodha ya 20 bora ya timu.

Makosa hutokea kwenye kumchagua. Watu huangalia takwimu za msimu huu dhidi ya warushaji wa kushoto, ambazo kufikia Julai ni mara 70 au 80 za kusimama kupiga. Hizo hazisemi chochote. Chukua misimu mitatu, au maisha yake yote ya ligi kuu. Kisha angalia ubora wa mguso: anapiga mpira kwa nguvu kiasi gani, na mara ngapi anakosa kabisa. Mpigaji anayepiga kwa nguvu lakini wastani wake uko chini mwaka huu ndiye wa kumnunua, maana muuzaji anamhesabu kwa wastani.

Pia hakikisha anaweza kucheza nafasi mbili, hata kama moja ni uwanja wa kushoto. Benchi lina watu wanne tu ukiwa na warushaji 13, na mmoja wao ni mdakaji wa akiba. Dodgers wa 2024 walimchukua Tommy Edman akiwa majeruhi, hajacheza hata mechi moja msimu ule. Anapiga pande zote mbili, anacheza shotistopu na uwanja wa kati. Oktoba akawa mchezaji bora wa fainali ya National League.

Na mkikutana na mpigaji wa Rockies kwenye orodha, msitumie takwimu zake za Denver, lakini msizitegemee za ugenini peke yake pia. Kule juu mpira unasafiri mbali, na mipira ya kupinda haipindi vizuri kwenye hewa nyepesi. Mpigaji akishuka ugenini anakutana na mizunguko ambayo hajaizoea wiki nzima, kwa hiyo takwimu zake za ugenini huwa mbaya kuliko uwezo wake. Akihama kabisa, mara nyingi hutulia mahali fulani katikati.

---

Kikosi_40

Nyongeza ya mwisho, kuhusu saa 48 za mwisho. Vipimo vya afya huvunja mikataba mingi kuliko bei. Kwa kila pengo uwe na majina matatu, kutoka timu tatu tofauti, na uwe umekwisha kukubaliana mapema ni chipukizi yupi anaenda kwa jina lipi. Ukisubiri jina la kwanza liharibike ndipo uanze kupiga simu, wauzaji wengine wamekwisha kumaliza.

Julai 29, 2015 Mets walikuwa wamekubaliana na Brewers kumchukua Carlos Gómez, na Wilmer Flores alikuwa uwanjani akilia kwa sababu habari za kuhamishwa kwake zilikuwa zimemfikia mechi ikiendelea. Dili likavunjika kwa hofu ya afya ya Gómez. Siku mbili baadaye, dakika chache kabla ya dirisha kufungwa, Mets walimchukua Yoenis Céspedes kutoka Tigers kwa warushaji wawili, Michael Fulmer na Luis Cessa. Céspedes akapiga homurani 17 kwenye mechi 57, na Mets wakafika World Series. Fulmer naye akawa mchezaji bora chipukizi wa American League mwaka uliofuata.

Kwa timu yako, mkuu, majina hayo matatu yaanze na mrushaji wa kuanza. Huyo ndiye mwenye soko linalokwisha mapema zaidi.